Maneno kwa Ajili ya Buncombe

Jumatatu, 5 Oktoba

Kundi la kwanza la msimu limefika leo hapa wilayani Buncombe kutoka Tennessee: nguruwe mia nne na waswagaji sita wenye njaa. Hosea alishawamwagia nguruwe mahindi kabla sijamaliza kupakua maharage. Mdogo wangu huyu akisema maneno kumi kwa siku, ujue ana homa. Mimi nasema ya kwetu sote wawili. Waswagaji wengine hulala hapa kwenye nyumba yangu ya wageni na kuiacha ile ya mbele, na si kwa ajili ya magodoro yangu, bali kwa ajili ya mdomo wangu.

Jumanne, 6 Oktoba

Nguruwe mia mbili na sitini. Mvua.

Alhamisi, 8 Oktoba

Lazima niandike haya usiku huu.

Jioni hii Jubal Starnes, mswagaji wa Greeneville, alitaka kuingiza nguruwe wake kwenye zizi lenye kundi la mtu mwingine. Makundi yakichanganyika ni balaa, maana inabidi kukagua alama za masikio, nguruwe mmoja baada ya mwingine. Hosea akafunga lango. Jubal alikuwa amelewa. Alimtukana mama yetu aliye kaburini, Hosea akanyamaza. Akamtukana marehemu mume wangu, Hosea akanyamaza. Kisha akachomoa kisu kwenye buti lake na kumwendea. Nilikuwa kwenye kizingiti cha jikoni na beseni mkononi, hatua kumi tu kutoka pale, na nilikiona kisu hicho kama ninavyoiona kalamu hii. Hosea alikuwa na sepetu ya mahindi. Alimpiga mara moja. Jubal akaangukia jiwe la lango, na hakuinuka tena.

Wenzake wote walikuwa mtoni na nguruwe waliobaki. Walipokuja walimkuta mwenzao amekufa na Hosea amesimama na sepetu yake. Nguruwe walikuwa wamelivunja lango na kukanyaga kila kitu. Kisu hakikuonekana. Tope lilifika magotini.

Ijumaa, 9 Oktoba

Sherifu amemchukua Hosea hadi jela ya Asheville. Alipopanda farasi alinitazama akasema, "Dada, mahindi ya zizi la chini." Alimaanisha nisisahau kuyafunika.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nguruwe mia tatu na hamsini. Nimechimbua tope tangu walipoondoka mpaka wengine walipofika. Kisu hakuna.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nguruwe mia tano, na kundi la bata mzinga pia. Mvua. Kisu hakuna.

Jumanne, 27 Oktoba

Leo ilikuwa kesi. Watu walijaa mpaka madirishani, wengine wametoka mabonde matatu mbali na sisi. Nilivaa gauni langu jeusi.

Mimi ndiye shahidi pekee, na sijawahi kusema vizuri kama leo. Nilianza na baba yetu alivyovuka mlima huu na mke na ng'ombe mmoja. Nikaeleza tulivyobaki yatima, na Hosea alivyobeba kuni akiwa hajafika urefu wa meza. Nikasema juu ya milima yetu na watu wake wasiopiga magoti kwa mtu. Wanawake walilia. Hata mzee Absalom Garren, kiongozi wa wale raia kumi na wawili wa baraza la mahakama wanaoamua kesi, alipangusa macho. Mwanasheria wa serikali aliniuliza ni nani aliyechomoa silaha kwanza. Nikamwambia amwulize Mungu, aliyeuona moyo wa mdogo wangu. Ukumbi mzima ukaguna kwa kuniunga mkono. Akarudia swali lake. Nikamjibu kwamba kuna ukweli usiopimwa kwa visu wala sepetu. Alikaa chini mwenyewe.

Nilipotoka watu walinishika mkono. Mzee mmoja aliniambia hajasikia maneno kama yale tangu mbunge wetu alipogombea mara ya kwanza. Nadhani tumeshinda.

Jumatano, 28 Oktoba

Atanyongwa. Ijumaa ya tarehe 18 Desemba, saa tano asubuhi.

Garren ndiye aliyesimama kusoma uamuzi. Alilia kwa maneno yangu jana, leo akasoma neno moja lililotosha kumuua mdogo wangu. Namchukia mtu huyu, na sitaki kuomba nisamehewe kwa kumchukia.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nguruwe mia sita. Sikuwasalimu waswagaji.

Jumamosi, 7 Novemba

Kuna njia moja. Gavana wa jimbo letu, kule Raleigh, anaweza kumsamehe mtu akiombwa. Mwalimu wa shule ameniandikia ombi la msamaha, kurasa nne, nami nimeongeza mengine kuhusu baba na milima. Nimepita nyumba kwa nyumba kwa siku sita. Mia mbili na kumi na wawili wametia sahihi, na wasiojua kuandika wametia alama ya msalaba. Kwa Garren sikupita.

Jumatano, 11 Novemba

Mbunge wetu, Mheshimiwa Lucius Pendergrass, amelala hapa akielekea bungeni Raleigh. Niliwaambia watu wote wa bonde waje wamwone. Alilipokea ombi letu kwa mikono miwili, akalibana kifuani, akasimama mbele ya moto akasema kwamba damu ya Buncombe haitamwagika yeye akiwa na ulimi. Alisema muda mrefu. Nililia tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza mwezi huu nililala usingizi wa kweli. Asubuhi mtumwa wake, Ransom, alifunga masanduku, wakaondoka kwenye ukungu.

Jumatatu, 16 Novemba

Nguruwe mia saba, kundi kubwa kuliko yote. Barafu nyembamba kwenye ndoo. Nimekwenda jela na soksi mbili. Nilimweleza Hosea habari za Mheshimiwa, yote aliyoyasema. Alisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Atampa nani ile karatasi?" Nikamwambia aache maswali ya kitoto.

Jumanne, 24 Novemba

Mvua. Nguruwe mia nne. Hakuna barua.

Ijumaa, 27 Novemba

Gazeti limefika. Ukurasa wa pili wote ni hotuba ya Mheshimiwa bungeni kuhusu Hosea. Jina lake limechapishwa mara tano. Baba yumo, milima imo, Warumi wamo. Nimeisoma mara tatu nimesimama.

Jumamosi, 28 Novemba

Bonde zima limekula kwangu jioni hii kushangilia. Nimechinja nguruwe, nimetoa matofaa makavu na wiski ya mume wangu iliyobaki. Mwalimu alisoma hotuba kwa sauti, watu wakapiga miguu sakafuni. Hapa kwetu mtu akiwa na shida, mbunge wake akaisema bungeni na gazeti likaichapa, tunahesabu shida hiyo imekwisha. Baba yangu aliamini hivyo kuhusu barabara, na kuhusu shule, na kuhusu daraja. Daraja halijajengwa mpaka leo, lakini hotuba ya mbunge kuhusu daraja hilo bado ninayo sandukuni.

Garren alikuja bila kualikwa. Alisimama karibu na mlango na kofia mkononi, hakula. Nilimpita na sahani.

Jumatano, 2 Desemba

Ee Mungu.

Mchuuzi wa saa za ukutani amefika leo kutoka Raleigh, anaitwa Silas Peck, mtu mchangamfu wa kaskazini. Wakati wa chakula cha mchana nilimwonyesha gazeti. Niliona anatafuta pa kutazama. Nikamwuliza kama amemsikia Mheshimiwa.

"Nilikuwepo," akasema. "Juu, penye viti vya watazamaji. Bibi, nikuambie kweli au nikuambie vizuri?"

Nikamwambia kweli.

Akasema Mheshimiwa alipoanza, wabunge walikuwa kama tisini. Alipomaliza walibaki tisa, wawili wamelala, mmoja anakata kucha. Hakuna aliyejibu na hakuna kura iliyopigwa, kwa sababu hakuna cha kupigia kura. Bunge halisamehe mtu. Anayesamehe ni Gavana, na Gavana hakai bungeni. Baadaye Mheshimiwa alionekana kwa mchapishaji wa gazeti akihesabu nakala za kutumwa huku kwetu.

"Sisi wa nje tuna neno la hotuba za namna hiyo," akasema, na safari hii aliona haya. "Tunasema, hiyo bankamu tu. Ni jina la wilaya yako, bibi, Buncombe, linavyotamkwa. Sikutaka kukuambia mezani kwako."

Nikamlazimisha aeleze. Akasema wanavyosimulia, kama miaka ishirini iliyopita, Washington, bunge la nchi nzima lilikuwa limechoka na mjadala mzito na linataka kupiga kura. Mbunge wa wakati huo wa huku kwetu akainuka kusema. Wenzake wakamwomba akae, wakapiga kelele, wengine wakatoka. Akawajibu wasijisumbue, wakitaka watoke, yeye hasemi nao: anasema kwa ajili ya Buncombe. Alitaka tu sisi tusome. Tangu hapo ikawa mzaha wa mjini, na sasa popote mtu akimwaga maneno matupu, neno ni hilo. Wanalitumia hata watu wasiojua kama kuna mahali panaitwa hivyo.

Nilikwenda zizini nikasimama pale Jubal alipoangukia. Nilimkumbuka mwanasheria wa serikali. Nani alichomoa kwanza? Aliniuliza mara mbili. Aliniuliza kitu kimoja ambacho mimi pekee duniani nilikiona, na mimi nikamjibu kwa ajili ya wale waliokuwa madirishani. Sikumlaani Pendergrass. Sikuwa na haki hiyo.

Zimebaki siku kumi na sita.

Alhamisi, 3 Desemba

Nimekwenda kwa mwalimu, na kwa mchungaji, na kwa wengine wanane, kuwaomba mtu wa kunisindikiza Raleigh. Wote jibu moja: ya nini, na Mheshimiwa ameshasema? Mchungaji aliniambia huzuni imenichanganya akili na akanionyesha gazeti langu mwenyewe.

Nikabaki na nyumba moja. Nilifika kwa Absalom Garren nimelowa mpaka kiunoni. Nilimwambia palepale mlangoni kwamba Jubal ndiye aliyechomoa kisu kwanza, kutoka kwenye buti, akamwendea Hosea, na Hosea akampiga mara moja.

Mzee yule alishika mwimo wa mlango. "Mbona hukusema?"

"Nilisema saa nzima."

"Ulisema vizuri sana, Bi Keziah. Mimi sijawahi kulia mbele za watu. Lakini tulipoingia chumbani kuamua, kila mtu alimwuliza mwenzake: huyu dada ameona kisu au hakuona? Hakuna aliyejua. Mimi nikawaambia, angekiona angesema, huyu si mtu wa kubakiza neno."

Halafu akaniambia kwamba tangu siku ile halali. Alikuja kwenye karamu yangu kuniuliza swali hilohilo, nikampita na sahani.

Alichukua kalamu akaandika mistari mitatu: kwamba lau baraza lingesikia hivyo, lisingemtia Hosea hatiani. Akatandika nyumbu wake na kwenda kuwatafuta wenzake. Jioni alirudi na sahihi kumi na moja kati ya kumi na mbili. Wa kumi na mbili amehamia Georgia.

Ijumaa, 4 Desemba

Naondoka na nyumbu wa Garren. Mke wake anahamia kwangu kupikia waswagaji. Garren alitaka kunisindikiza, nikamwomba abaki karibu na Hosea. Nilipita jela. Nilimwambia Hosea nakwenda mwenyewe na nitarudi kabla ya saa tano ya tarehe 18. Aliniuliza kama nyumbu amepigiliwa vyuma vipya vya kwato.

Jumatatu, 7 Desemba

Mvua. Mto Catawba umejaa, nimepoteza nusu siku nikingoja kivuko. Mkate wa mahindi umelowa, naula hivyohivyo.

Alhamisi, 10 Desemba

Raleigh. Nimemkuta Mheshimiwa nyumbani anakopanga, mezani na wageni. Alinitambulisha kwao kama binti shujaa wa milimani. Nikamwuliza kama amempa Gavana ombi letu. Akasema jambo hili ni kama tunda, lazima liive, na kwamba anaandaa hotuba ya pili iliyo kali kuliko ya kwanza. Nikamwambia zimebaki siku nane. Akawageukia wageni na kuanza kuwaeleza habari za akina mama wa Sparta.

Ransom alinifungulia mlango wa nje. Bila kunitazama akasema polepole, "Karatasi zako ziko kwenye sanduku la kofia, bibi. Hazijatoka humo tangu Asheville. Mimi sijakuambia." Nilimwahidi sijasikia kitu. Nimeishi karibu na watu kama yeye maisha yangu yote, na wiki hii nimejiuliza kwa mara ya kwanza wanasikia nini wanaposimama nyuma ya viti vyetu.

Sikurudi kudai zile kurasa nne. Sina haja nazo.

Ijumaa, 11 Desemba

Nimekaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya Gavana tangu asubuhi mpaka walipofunga. Makarani waliambiwa kuna mwanamke wa Buncombe, na mmoja akamwuliza mwenzake kwa kucheka kama ana kiti cha kukalia hotuba ndefu. Hawakuniita.

Jumamosi, 12 Desemba

Kama saa nne karani mkuu alitoka, mzee mkavu mwenye miwani. Alisema Gavana ana wageni na mimi niseme yangu akiwa amesimama hapohapo. Nikafungua mdomo, na nikahisi yote yanakuja: baba, ng'ombe mmoja, kuni. Yalikuwa tayari ulimini. Niliuma midomo mpaka yakashuka.

"Marehemu alichomoa kisu kwanza," nikasema. "Niliona, na sikusema mahakamani. Hawa ndio waliomhukumu."

Nikampa karatasi ya Garren. Aliisoma. Akanitazama akingoja zaidi, maana alijua nimetoka wapi. Nikanyamaza. Akaingia ndani akafunga mlango, na nilikaa pale nikiwa na hakika kwamba nimesema kidogo mno na nimemuua mdogo wangu mara ya pili.

Alitoka na msamaha wenye sahihi ya Gavana na muhuri. Nimeushonea ndani ya gauni. Naondoka sasa hivi.

Jumatatu, 14 Desemba

Theluji. Nyumbu anachechemea mguu wa mbele.

Jumatano, 16 Desemba

Theluji imeziba barabara ya chini ya mlima. Nimetembea siku nzima nikimvuta nyumbu. Gari la posta halijapita. Nimemwomba kila mpanda farasi aniazime mnyama; mmoja alinipa tumbaku.

Alhamisi, 17 Desemba

Sitafika. Niko upande huu wa mlima bado, na ni jioni. Nimemwacha nyumbu kwa watu. Mwenye nyumba anasema kwa miguu, kwenye theluji, nikitoka kabla ya mapambazuko, nitaona mji saa nane mchana. Saa nane. Hosea ananyongwa saa tano. Nimemwambia nitatoka hata hivyo. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 20 Desemba

Niliuona mji wakati jua limeshapita utosini. Nilisikia saa ya mahakama ikigonga saa nane. Nilikaa barabarani. Kisha nikaona kilima cha kunyongea bado kimejaa watu, nikainuka. Nilijiambia wamebaki kuutazama mwili.

Nilipokaribia nilisikia sauti ya mwanamume, imekauka kiasi cha kukwaruza. Sikuitambua. Ilikuwa inaeleza jinsi ya kuchimba shimo la mhimili wa lango, kina chake, na mawe ya kuweka chini. Watu walikuwa wanatoka na kurudi, wengine wanakula. Ilikuwa sauti ya Hosea.

Alikuwa amesimama jukwaani, kamba shingoni. Hapa kwetu mtu anayenyongwa hupewa maneno ya mwisho, na hakuna anayethubutu kumkata. Watu hutembea siku mbili kuja kuyasikiliza. Alikuwa ameanza kusema kabla ya saa tano, na hajanyamaza tangu hapo. Aliwaambia jinsi mama alivyoosha maharage. Aliwatajia kila mswagaji aliyelala kwetu kwa miaka tisa, na idadi ya nguruwe wake. Sherifu alikuwa ameshika saa mkononi, na Garren amesimama kifua kwa kifua naye, akimwambia kwamba maneno ya mwisho ni ya mwisho pale mwenyewe anaponyamaza. Bwana mmoja aliuliza kijana huyu anawaambia akina nani upuuzi wote huu. Garren akamjibu hasemi nao.

Niliwapasua watu kwa viwiko. Sikuwa na pumzi ya kuita. Hosea aliniona, akaona natatua gauni mbele za watu nitoe msamaha, lakini hakunyamaza. Alirudi kwenye shimo la lango. Sherifu alisoma msamaha, akausoma tena, akaugeuza kuangalia muhuri, na muda wote huo mdogo wangu anaeleza ukubwa wa mawe. Sherifu alipopanda ngazi na kumtoa kamba, ndipo Hosea alipokatiza sentensi katikati, akayumba, na Garren, aliyepanda nyuma ya sherifu, akamdaka.

Tumefika nyumbani jana. Nguruwe mia moja na ishirini, kundi la mwisho la msimu. Hosea aliwamwagia mahindi, akala maharage, akakaa karibu na moto. Hajasema neno tangu Ijumaa, nami simwulizi.